Simu ya Nchi Mkononi mwa Mgeni

Tarehe 22 Januari mwaka 1879, chini ya mlima Isandlwana katika nchi ya Wazulu, majeshi ya Mfalme Cetshwayo yaliivamia kambi ya Waingereza na kuiteketeza katika muda wa saa chache. Zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza walilala pale. Serikali iliyojigamba kuwa jua halichwi katika milki yake haikuzipata habari hizo mjini London ila tarehe 11 Februari, baada ya siku 20 kupita, kwa sababu waya wa simu wa baharini ulikuwa haujafika kusini mwa Afrika. Ilibidi maandishi yapakiwe melini, yapelekwe mpaka visiwa vya bahari ya Atlantiki vilivyokuwa na waya, ndipo yapigwe simu.

Aibu hiyo ndiyo iliyoharakisha kuja kwa simu ya baharini katika Afrika ya Mashariki. Kabla mwaka huo wa 1879 haujamalizika, kampuni ya Eastern and South African Telegraph, mojawapo ya kampuni za tajiri John Pender, ilikuwa imekwisha kutandika waya chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, kutoka Unguja mpaka Msumbiji, na kutoka huko mpaka Durban. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku. Kampuni ilitoa meli, waya na mafundi, na mali ikabaki kuwa yake. Mwaka 1890 Mombasa nayo iliunganishwa na Unguja. Nchi zilizopitiwa na waya huo zilipata nafasi ya kutuma simu kama mteja mwingine yeyote alipaye, lakini hazikupata ufunguo wa chumba cha mitambo.

Inafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kumkabidhi mgeni uendeshaji wa simu za nchi ni mtindo ulioletwa na simu za mkononi. Mtindo huu una umri wa zaidi ya miaka 140 katika sehemu hizi, na majeshi ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kuuonja uchungu wake.

Tazameni yaliyotokea Fashoda, mji ambao siku hizi unaitwa Kodok, katika nchi jirani ya Sudan Kusini. Tarehe 10 Julai 1898, Meja Marchand wa Ufaransa aliwasili hapo pamoja na askari wake wa Kiafrika baada ya safari ndefu kutoka pwani ya Atlantiki, akapandisha bendera ya Ufaransa. Tarehe 19 Septemba akafikiwa na Jenerali Kitchener, aliyepanda mto Naili kwa manowari za mtoni akiwa na jeshi kubwa zaidi. Kila mmoja alikataa kuondoka. Lakini Kitchener alikuwa na reli na waya wa simu nyuma yake, na Marchand hakuwa na kitu ila msitu na mabwawa aliyoyapitia. London ilizungumza na kamanda wake. Paris ilisoma mambo ya kamanda wake katika maelezo ya Waingereza. Ili taarifa ya Marchand ifike kwa serikali yake, ofisa wake Kapteni Baratier alilazimika kuteremka mto mpaka Cairo kwa msaada wa Waingereza walewale waliokuwa wakishindana naye. Mwezi Desemba Wafaransa wakateremsha bendera yao.

Mwaka uliofuata vita vya Makaburu vilianza. Waingereza wakaweka wakaguzi katika kituo cha Aden, na simu zilizoandikwa kwa maneno ya fumbo zikakatazwa kupita kuelekea Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Wajerumani, ambao hawakuwa na vita na mtu, walijikuta hawawezi kuitumia simu ya siri mtumishi wao aliyeko Dar es Salaam. Walilalamika sana, na Wafaransa vilevile. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake, lakini jibu lake lilikuwa katika mkataba ambao Wajerumani wenyewe waliufanya. Walipotaka kuunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na dunia mwaka 1890, waliikodi kampuni ileile ya Kiingereza iwatandikie waya mpaka Unguja. Lilikuwa jambo rahisi, la haraka, na la gharama nafuu. Unguja nayo mwaka huohuo iliingia chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa hiyo koloni zima la Kijerumani lilikuwa likizungumza na Berlin kupitia katika sebule ya Mwingereza.

Mwezi Agosti 1914 sebule hiyo ilifungwa. Alfajiri ya tarehe 5, saa chache baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza iitwayo Alert ilizitoa nyaya za Wajerumani kutoka katika sakafu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa na kuzikata moja baada ya moja. Tangu siku hiyo Wajerumani wakawa waombaji wa njia za wengine. Januari 1917 waziri wao Zimmermann alituma simu ya siri kwa kupitia ubalozi wa Marekani mjini Berlin. Waya huo ulipitia London. Waingereza waliinasa, wakaifumbua, wakawaonyesha Wamarekani kwamba Ujerumani ilikuwa ikiishawishi Mexico iwapige, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo Marekani ikaingia vitani.

Huku kwetu waya wa Unguja ulikuwa haufai kitu tena kwa Wajerumani. Tegemeo lililowabakia lilikuwa simu ya upepo, nao walikuwa na vituo vyake Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam na kuuelekezea mizinga mnara wa simu hiyo, na mnara ukaanguka siku hiyohiyo. Ikabaki minara ya Ziwa Viktoria.

Habari ya Bukoba inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ilitokea karibu kabisa na mpaka wa Uganda, na kwa sababu askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo ndani yake yamechipuka majeshi ya Uganda, Kenya na Tanzania, walikuwamo. Mwezi Juni 1915 kikosi chini ya Brigedia Jenerali Stewart kilipakiwa katika meli za ziwani huko Kisumu: Wafyulilia wa Kiingereza, kikosi cha Loyal North Lancashire, Wahindi wa Punjab, na askari wa KAR. Waliteremka karibu na Bukoba tarehe 22. Palikuwa na vilima, mawe na mabwawa, na Wajerumani pamoja na askari wao walipigana kwa siku mbili. Tarehe 23 mji ukatekwa. Wakati huo mnara wa simu ya upepo ulikuwa bado umesimama. Wahandisi wa jeshi waliutegea baruti miguuni ukaanguka, mitambo ikavunjwa, ghala za silaha zikateketezwa, na mji ukaporwa kwa namna ambayo haikumpa sifa mtu yeyote. Baada ya hapo kikosi kizima kilipanda tena melini kikarudi Kisumu. Hakikuacha hata mlinzi mmoja.

Makamanda wa Uingereza, ambao wakati huo walikuwa na upungufu mkubwa wa askari katika Afrika ya Mashariki, waliona ni halali kuvusha kikosi kizima ziwani kwa ajili ya mnara. Hawakuutaka mji, wala shamba, wala barabara.

Mwisho wa kisa hiki ni wa ajabu. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana mpaka Novemba 1918, akizunguka Msumbiji na kuingia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vita vya dunia vilikoma tarehe 11. Tarehe 13 majeshi yake yaliingia Kasama. Habari kwamba vita vimekwisha aliipata mtoni Chambeshi, siku tatu baada ya amani kutiwa saini Ulaya, kutokana na simu iliyokuwa ya adui.

Miaka ikapita, kampuni za Pender zikaunganishwa na nyingine, na kuanzia mwaka 1934 zikajulikana kwa jina la Cable and Wireless. Uhuru ulipokuja, jina hilo lilikuwa bado mlangoni. Simu za ndani ya Uganda, Kenya na Tanganyika ziliendeshwa na shirika la pamoja la posta na simu, lakini simu za kwenda nchi za nje ziliwekwa mwaka 1964 katika kampuni maalumu ya East African External Telecommunications, ambayo Cable and Wireless ilikuwa na hisa zake. Mwaka 1970 kituo cha satelaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na mazungumzo ya nchi zote tatu na dunia yakawa yanapitia hapo.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilitambua kwamba kumtegemea jirani na ndugu nako kuna mipaka yake. Kituo cha satelaiti cha Mpoma, karibu na Mukono, ni matunda ya miaka hiyo. Walioshuhudia jinsi ndege, mabehewa na fedha za Jumuiya zilivyozuiliwa kila moja mahali ilipokutwa hawakuhitaji kuelezwa kwa nini nchi itake kuwa na sikio lake yenyewe.

Hapa pana jambo lisilohusu simu, ila askari wa Uganda hawawezi kulisahau. Jengo la zamani la abiria katika kiwanja cha ndege cha Entebbe lilijengwa na kampuni ya Solel Boneh ya Israel, wakati nchi hizo mbili zilipokuwa marafiki. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waisraeli. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel waliposhuka Entebbe kuwaokoa mateka waliofungiwa ndani ya jengo hilohilo, wapangaji wao hawakuwa na haja ya kubahatisha milango iko upande gani. Michoro ilikuwa nyumbani kwao. Mkandarasi hakufanya kosa lolote alipojenga. Alijenga vizuri akalipwa. Urafiki ndio uliokwisha, na michoro ikabaki.

Sasa tuje katika siku za karibu, maana simu za mkononi zimeurudisha mjadala huu kwa nguvu mpya.

Haifai kusema uongo kuhusu hali ilivyokuwa kabla yake. Katika miaka ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, shirika la posta na simu la serikali lilikuwa na laini chache mno kwa nchi nzima, nyingi zikiwa Kampala, na mwananchi wa kawaida aliweza kuomba simu akazeeka bila kuipata. Vituo vingi vya polisi vya wilayani vilitegemea redio za upepo au mtu wa baiskeli. Kampuni ya Celtel ilipoanza kazi mwaka 1995, na MTN mwaka 1998, zilifanya katika miaka michache yale ambayo shirika la umma halikuyafanya kwa muda mrefu. Anayewalaumu wageni kwa kila kitu na akumbuke foleni ile.

Shirika lenyewe liligawanywa mwaka 1998, na upande wa simu ukaitwa Uganda Telecom. Mwaka 2000 asilimia 51 ya hisa ziliuzwa kwa ushirika ulioitwa Ucom, wenye Detecon ya Ujerumani, Telecel na Orascom ya Misri, kwa dola milioni 33.5. Kwa bei hiyo wageni walipata pamoja na hisa usukani wa uendeshaji.

Wakati huohuo, mbali na hapa, Wahindi walikuwa wakibuni jambo lililokuwa halijajaribiwa kwa kiasi hicho. Mwaka 2004 kampuni ya Bharti ilikabidhi ujenzi na uendeshaji wa mitambo yake ya simu kwa watengenezaji wenyewe wa mitambo hiyo, Ericsson ya Sweden na wengine, na kompyuta zake zote kwa IBM ya Marekani. Bharti ikabaki na jina, leseni, wateja na hesabu za fedha. Wakubwa wa biashara walishangaa. Ilikuwa kama mwenye hoteli kumpa mtu wa nje jiko, yeye akabaki na ubao wa mlangoni na sanduku la fedha. Lakini ilifaulu: gharama zilishuka, wateja wakaongezeka kwa mamilioni, na mtindo huo ukaigwa kote duniani.

Mwaka 2010 Bharti ilinunua mali za Zain katika nchi 15 za Afrika, Uganda ikiwamo, kwa dola bilioni 10.7, ikaja na mtindo wake. Kompyuta zilipewa IBM. Mwaka 2011 uendeshaji wa mitambo uligawanywa kati ya Ericsson, Nokia Siemens na Huawei ya China. Fundi aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu alijikuta ni mtumishi wa kampuni nyingine, ingawa mnara aliokuwa akiupanda ulikuwa uleule. Mwaka huohuo MTN ilikubaliana na American Tower ya Marekani kuiuzia minara yake ya Uganda, karibu 1,000, kisha ikawa mpangaji katika minara iliyoijenga yenyewe.

Yafaa kueleza kinachokabidhiwa katika mapatano ya namna hii. Kila mtandao wa simu una chumba cha kuongozea mitambo, ambamo mafundi hukaa usiku na mchana mbele ya ramani ya minara yote. Mnara ukizimika Karamoja, taa hubadilika rangi hapo. Kutoka chumba hicho mtu mwenye ruhusa anaweza kuwasha mtambo, kuuzima, kubadili maagizo yake, na kuona simu fulani iko chini ya mnara gani saa hiyo. Kampuni kubwa za uendeshaji hazina haja ya kujenga chumba kamili katika kila nchi. Ericsson, kwa mfano, imekuwa na vyumba vikubwa vya namna hiyo India na Romania, kila kimoja kikiangalia mitandao ya nchi nyingi. Taa ya Karamoja inaweza kuonwa kwanza na kijana asiyejua Karamoja iko upande gani wa dunia. Kwa kazi ya kawaida hilo halina ubaya. Pengine yeye ni fundi hodari kuliko aliye karibu.

Kwa polisi na jeshi hesabu ni nyingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu kunasa mawasiliano inazilazimu kampuni za simu ziwe na mitambo inayowezesha uchunguzi unaofuata kibali cha mahakama. Mwenye leseni ndiye anayepokea amri hiyo. Lakini mwenye leseni ana mtumishi wa mitambo, mtumishi huyo ana mkandarasi wa minara, mwenye minara ana mkandarasi wa mafuta na wa ulinzi, na mlinzi wa usiku analipwa na kampuni ya tano. Ofisa wa upelelezi anayetaka kujua nani alifungua mlango wa mtambo usiku fulani atatembea ofisi nyingi kabla ya kumpata mtu mwenye daftari. Nao wahalifu hawangoji. Kaskazini mashariki mwa Kenya, katika Mandera na Wajir, wafuasi wa Al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara kwa mara, kwa hesabu ileile iliyomvusha Stewart ziwani mwaka 1915.

Kuna pia suala la siri. Mwezi Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, katika jengo lililojengwa na China na kufunguliwa mwaka 2012, zilikuwa zikipeleka habari Shanghai kila usiku. China ilikanusha kwa ukali. Bila kuamua nani mkweli, askari atauliza swali la kituo cha zamu: nani alikuwa na funguo, na nani aliandika majina yao?

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lililozipata simu za nchi hizi halikutokana na ujasusi. Lilitokana na vita vya nchi ambayo haipakani na Uganda wala Rwanda wala Zambia.

Libya chini ya Kanali Gaddafi ilikuwa na mfuko wa kuwekeza fedha Afrika, na ndani yake kampuni ya simu iitwayo LAP Green. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilishika Uganda Telecom, na hatimaye ikawa na asilimia 69, Serikali ikibaki na 31. Mwaka huohuo ilinunua asilimia 80 ya Rwandatel kwa dola milioni 100. Mwaka 2010 ilinunua asilimia 75 ya Zamtel ya Zambia kwa dola milioni 257. Walipokelewa kwa shangwe, maana walikuwa Waafrika, na fedha zao zilikuwa za mafuta ya Afrika. Wengi walisema kwamba mtegemea ndugu si mtegemea mgeni.

Mwezi Februari na Machi 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio mawili dhidi ya Libya, na mali za mfuko huo zikazuiliwa kote duniani. Fedha za kununulia mitambo zikakauka. Rwanda ilifuta leseni ya Rwandatel mwezi Aprili mwaka huohuo, kwa kuwa ilishindwa kutimiza ahadi zake, na mwaka 2013 mabaki yake yakanunuliwa na Liquid Telecom. Zambia, baada ya Rais Michael Sata kuingia madarakani, iliirudisha Zamtel mikononi mwa serikali mwezi Januari 2012. Uganda ilijikuta mahali pagumu zaidi: kampuni iliyobeba simu nyingi za ofisi za serikali ilikuwa na mwenye hisa asiyeweza kutoa fedha wala kuondoka. Iliburutwa hivyo kwa miaka. Mwaka 2017 wenye hisa wa Libya walijitoa, kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa madeni, na mwaka 2022 shirika jipya la serikali, Uganda Telecommunications Corporation, likachukua kazi yake, miaka 22 baada ya mauzo ya kwanza.

Hakuna mtu mjini Kampala, Kigali au Lusaka aliyefanya uamuzi wa kuangusha simu hizo. Uamuzi ulifanywa New York kwa sababu ya mambo ya Benghazi.

Tanzania nayo ilijaribu njia zake. Mwaka 2001 iliuza asilimia 35 ya kampuni yake ya simu, TTCL, kwa ushirika wa MSI ya Uholanzi na Detecon. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120, zikalipwa milioni 60, na ugomvi juu ya zilizobaki ukadumu kwa miaka. Mwaka 2007 Serikali ikabadili mbinu, ikaacha habari ya hisa ikatafuta meneja wa kukodi, kampuni ya SaskTel ya Kanada. Mkataba huo nao ulivunjika mwaka 2009 kabla ya muda wake. Hatimaye mwaka 2016 Tanzania ilizinunua tena hisa zilizokuwa nje.

Ethiopia ilifanya kwa namna nyingine, na huenda ndiyo iliyofanya kwa macho yaliyo wazi zaidi. Mwaka 2010 iliikodi France Telecom kuendesha shirika jipya la Ethio Telecom kwa miaka miwili na kwa malipo ya karibu euro milioni 30. Haikuuza hata hisa moja. Mfaransa aliketi katika kiti cha mkuu wa shirika, maelfu ya wafanyakazi wa zamani wakapoteza kazi, jambo lililoleta manung'uniko makubwa, na Wahabeshi wakawekwa karibu na wageni ili wajifunze. Mwaka 2013 Mhabeshi akashika kiti. Wanaosifu mpango huo husahau kutaja kwamba mitambo yenyewe ilikuwa ya ZTE ya China, iliyonunuliwa tangu mwaka 2006 kwa mkopo wa dola bilioni 1.5 wa Wachina haohao. Mfaransa alikuwa dereva wa kukodi katika gari la mkopo. Lakini siku ya kuondoka kwake ilikuwa imeandikwa kabla hajaingia, na katika habari zote zilizosimuliwa hapa ni vigumu kumpata mwingine ambaye aliandikiwa hivyo na kweli akaondoka.

Limebaki jambo la Juba. Kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, mji huo ulikuwa na mitandao iliyotumia namba 249 za Khartoum, na mtandao wa Gemtel, ambao LAP Green ilikuwa na hisa ndani yake, uliotumia namba 256 za Uganda. Ofisi mbili za barabara moja zilipozungumza, simu ilihesabiwa kuwa ya nchi za nje, na maofisa wengi walitembea na simu mbili mfukoni. Wakuu wa jeshi la SPLA hawakupenda kupigia mambo yao katika namba za Khartoum, na sababu yao inaeleweka na kila askari. Walichagua namba za Uganda, kwa kuwa Uganda ilikuwa rafiki. Tarehe 9 Julai 2011 bendera mpya ilipandishwa. Mwezi huohuo Sudan Kusini ikapewa namba yake yenyewe, 211, na kadi za 256 zikaanza kuondolewa katika simu za Juba.